Pikapu Kuinuliwa na Kuvishwa Matairi Makubwa: Hesabu ya Faida na Hasara

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki pikapu ni chombo cha kazi. Hubeba mahindi kutoka shambani, saruji kwenda kwenye ujenzi, na mara nyingine mgonjwa kwenda hospitali. Kwa kuwa barabara nyingi za vijijini hazina lami, na masika huzigeuza kuwa matope, baadhi ya wenye magari hupeleka pikapu zao gereji ili bodi iinuliwe na gari livishwe matairi makubwa kuliko yale lililotoka nayo kiwandani. Gari hutoka huko likiwa refu, pana na lenye sura ya ushujaa.

Lakini tairi si pambo. Ni sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi. Kani yote ya kuliendesha gari, kulisimamisha na kulipinda kwenye kona hupita katika vipande vinne vidogo vya mpira. Anayebadili ukubwa wa tairi hubadili mambo mengi kwa pamoja, na mengi kati ya hayo hayaonekani kwa macho. Katika makala haya tutayachunguza kwa fizikia na hesabu za shule ya sekondari.

Kusoma namba za tairi

Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa namba. Tuchukue mfano wa 265/65R17, ukubwa unaopatikana katika baadhi ya pikapu za Toyota Hilux. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kimo cha ubavu ni 265 × 0.65, yaani milimita 172.25. Ubavu huo uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo tunauhesabu mara mbili na kupata milimita 344.5. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla yake, yaani kipenyo cha tairi, ni milimita 776.3.

Sasa tuseme mwenye gari anataka tairi la 285/70R17. Tukifuata njia ile ile tunapata kipenyo cha milimita 830.8. Tofauti ni milimita 54.5, au asilimia 7. Msomaji aishike asilimia hii, kwani itatufuata hadi mwisho wa makala.

Ni kitu gani hasa kinachoinuka?

Watu wengi hudhani kwamba gari likiinuliwa, sehemu zote za chini yake huwa mbali zaidi na mawe ya barabarani. Sivyo. Katika pikapu nyingi ekseli ya nyuma ni boriti moja iliyoshikwa na magurudumu mawili, na difu imo katikati yake. Springi hukaa kati ya ekseli na chesisi. Fundi akiongeza vyuma vya sentimita 5 kwenye springi, huinua chesisi na bodi. Ekseli hubaki pale pale ilipokuwa. Jiwe ambalo lingeigonga difu jana litaigonga na leo.

Kitu pekee kinachoinua ekseli hiyo ni nusukipenyo cha tairi. Katika mfano wetu nusukipenyo kimeongezeka kwa nusu ya milimita 54.5, yaani milimita 27 tu. Kuinua bodi kuna kazi mbili: kuwapa matairi makubwa nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza madigadi, na kuepusha bampa na ubavu wa gari na vizingiti vya ardhi. Mbele ya gari, ambako magurudumu mara nyingi hufungwa kila moja peke yake, difu hufungwa kwenye chesisi na huinuka pamoja nayo. Lakini hapo shafti zinazokwenda magurudumuni hukaa kwa mshazari zaidi, na viungo vyake huchakaa mapema.

Matope, mchanga na kanieneo

Je, tairi kubwa huzama kidogo zaidi katika matope? Tukumbuke kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Pikapu yenye kilo 2,000 huikandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 19,600 hivi. Tuseme matairi yamejazwa upepo wa kilopaskali 220, ambao mafundi huuita upepo wa 32. Tukigawanya, tunaona kwamba eneo linalogusa ardhi kwa matairi yote manne ni sentimita za mraba 891, au 223 hivi kwa kila tairi. Huo ni kama mraba wenye upande wa sentimita 15.

Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito. Hata hivyo inafundisha jambo kubwa: ukubwa wa tairi haumo ndani yake. Uzito na upepo vikiwa vile vile, eneo linalogusa ardhi hubaki karibu lile lile. Kinachopanua wayo wa gari ni kupunguza upepo. Upepo ukishushwa hadi nusu, eneo hukaribia kuwa maradufu.

Faida ya tairi kubwa ni kwamba lina hewa nyingi na ubavu mrefu, hivyo upepo unaweza kushushwa sana bila rimu kugonga ardhi. Huko Iceland, madereva wanaopita juu ya barafu na theluji laini hutumia matairi yenye kipenyo cha inchi 38 na zaidi, na hushusha upepo hadi sehemu ndogo tu ya ule wa kawaida. Maumbile yalitangulia kutumia kanuni hii: wayo mpana na laini wa ngamia hupita juu ya mchanga ambamo kwato nyembamba ya punda huzama.

Lakini mwenye pikapu yenye matairi ya kawaida anaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo bila gharama. Apunguze upepo kiasi aingiapo kwenye udongo wa mbuga au mchanga, aende polepole, na aujaze tena kabla ya kurudi barabara ya lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hujikunja mno, hupata joto na huweza kupasuka.

Tairi ni mkono wa wenzo

Injini haisukumi gari moja kwa moja. Huzungusha ekseli, na ekseli huzungusha gurudumu. Kani inayopatikana ardhini ni momenti ya mzunguko iliyogawanywa kwa nusukipenyo cha gurudumu. Hii ni kanuni ya wenzo: mkono ukirefuka huku momenti ikiwa ile ile, kani hupungua.

Tuseme momenti yote inayofika magurudumuni ni nyutoni-mita 4,000. Kwa tairi la kwanza, lenye nusukipenyo cha mita 0.388, kani ni nyutoni 10,300 hivi. Kwa tairi la pili, lenye nusukipenyo cha mita 0.415, kani ni nyutoni 9,630 hivi. Tumepoteza nyutoni zaidi ya 600, na kwenye mlima dereva atalazimika kurudi gia ya chini mapema zaidi.

Dawa yake ni kubadili meno ya difu. Difu yenye meno 43 kwa 11 ina uwiano wa 3.91, ile yenye meno 41 kwa 10 ina uwiano wa 4.10. Badiliko hilo huongeza kani kwa asilimia 5 hivi, na hivyo hurudisha sehemu kubwa ya ile iliyopotea. Lakini katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma hazina budi kubadilishwa kwa pamoja. La sivyo zitavutana na kuvunjana.

Spidomita huhesabu mizunguko

Spidomita ya gari haioni barabara. Huhesabu mizunguko ya shafti au ya gurudumu, kisha hukisia mwendo kwa kuamini kwamba kila mzunguko wa gurudumu ni umbali ule uliowekwa kiwandani. Mzingo wa tairi letu la kwanza ni mita 2.44, wa tairi la pili ni mita 2.61. Kwa hiyo, kama spidomita ilikuwa sahihi hapo awali, sasa ikionyesha kilomita 80 kwa saa gari linakwenda 85.6.

Ni kweli kwamba Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi, na kwa hiyo watengenezaji huiacha izidishe kidogo. Akiba hiyo huweza kumeza sehemu ya kosa letu. Lakini akiba hutofautiana kati ya gari na gari, na mwenye gari hawezi kuijua bila kupima.

Kosa hilo huingia pia katika hesabu ya kilomita. Gari lililoandika kilomita 10,000 litakuwa limekwenda 10,700, na oili itakuwa imechelewa kubadilishwa.

Mita za kusimama

Hapa ndipo hesabu inapogusa maisha ya watu. Breki nazo hufanya kazi kwa momenti. Mguu ukikanyaga kwa nguvu ile ile, kani ya kusimamisha inayofika ardhini hupungua kwa kiasi kile kile ilivyopungua kani ya injini. Wakati huo huo nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi kwa asilimia 7, nishati huzidi kwa asilimia 14 na nusu.

Tuchukue dereva anayesoma kilomita 80 kwenye spidomita. Kwa matairi ya zamani, breki zake zilipunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, na gari likasimama baada ya mita 41. Kwa matairi makubwa, akikanyaga vile vile, gari litasimama baada ya mita 50. Tukiongeza sekunde moja ya kushtuka kabla ya kukanyaga, jumla inatoka mita 63 hadi mita 74. Dereva anaweza kukanyaga kwa nguvu zaidi na kupunguza tofauti hiyo, lakini lazima ajue kwamba anahitaji kufanya hivyo. Katika mita hizo 11 anaweza kuwapo mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Kitovu cha graviti

Gari hupinduka kirahisi au kwa shida kutegemea urefu mbili: umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kimo cha kitovu cha graviti. Nusu ya umbali huo ikigawanywa kwa kimo hicho tunapata namba ya uthabiti. Idara ya usalama barabarani ya Marekani imeitumia katika kuyapima magari tangu mwaka 2001. Namba ikiwa kubwa, gari ni thabiti.

Tuseme umbali kati ya magurudumu ni mita 1.54 na kitovu kiko kimo cha mita 0.70. Namba ya uthabiti ni 1.10. Bodi ikiinuliwa na matairi yakibadilishwa, kitovu chaweza kupanda hadi mita 0.77, na namba ikashuka hadi 1.00. Gari likiwa tupu hatari si kubwa, kwa kuwa msuguano wa tairi na lami kavu mara nyingi ni 0.8 hadi 0.9, gari huteleza kabla ya kupinduka, isipokuwa gurudumu likwame kwenye mtaro au ukingo.

Lakini pikapu haikununuliwa iende tupu. Magunia yakipangwa juu, au watu wakisimama nyuma, kitovu hupanda tena. Tuseme mzigo huo unakifikisha mita 0.88 katika gari la kawaida na mita 0.95 katika lililoinuliwa. Namba za uthabiti zitakuwa 0.88 na 0.81. Hii ya pili imegusa ukingo wa chini wa msuguano: kwenye lami nzuri gari hili laweza kupinduka pasipo kuteleza kwanza. Katika kona yenye nusukipenyo cha mita 50, kikomo cha mwendo kinashuka kutoka kilomita 75 kwa saa hadi 72. Na kwa kuwa spidomita imepungukiwa, dereva atakifikia kikomo hicho wakati inamwonyesha 67. Hatari imesogea, na kipimo cha kumwonya kimerudi nyuma.

Ushauri kwa mwenye gari

Kwanza, apige hesabu ya kipenyo kabla ya kununua. Kwa safari nyingi tairi la kipenyo kile kile, lenye kashata kubwa za kukamata matope, linatosha. Pili, akiamua kubadili, abadili matairi yote pamoja na la akiba, na ahakikishe yanaruhusiwa kubeba mzigo wake. Tatu, usukani ukatwe hadi mwisho kushoto na kulia gari likiwa na mzigo, ili ionekane kama tairi linagusa popote. Nne, mipira ya breki ipimwe urefu, taa za mbele zishushwe zisiwapofushe wengine, na spidomita irekebishwe. Tano, mzigo upangwe chini, na watu wasisimamishwe nyuma.

Majaribio kwa wanafunzi

1. Tia alama ya chaki kwenye tairi la baiskeli na ardhini. Isukume mizunguko kumi kwa mstari ulionyoka, kisha pima umbali. Rudia mtu akiwa ameketi juu yake, na tena upepo ukiwa umepunguzwa. Eleza kwa nini majibu hayalingani.

2. Simamisha kipande cha mbao juu ya ubao wenye uso mkavu na uuinue ubao upande mmoja mpaka kianguke. Pima pembe. Kisha bandika sarafu juu ya kipande hicho na urudie.

3. Pikapu ina matairi ya 225/75R15. Mwenyewe anaweka ya 235/75R15. Spidomita, iliyokuwa sahihi, ikionyesha 80, mwendo halisi ni upi? Jibu ni kilomita 81.7 kwa saa. Linganisha na mfano wa makala haya, kisha jadilini darasani ni badiliko la kiasi gani linaloweza kuvumiliwa.

Barabara mbovu ni tatizo la kweli, na hakuna ubaya kwa mtu kulifaa gari lake na nchi anayoishi. Lakini fundi mwenye spana hufungua na kufunga tu. Anayejua kitakachotokea barabarani ni yule aliyechukua karatasi na kalamu kwanza.