Kuandikisha Kampuni si Mwisho wa Kazi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unawahusu wananchi wa Kisiwa cha Bwejuu, na wa visiwa vyote vya Wilaya ya Mafia, wanaotaka kuunganisha nguvu zao ili biashara ya samaki na nazi iwe kampuni.

Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini wengi hudhani kwamba cheti cha usajili kikishatundikwa ukutani kazi imekwisha. Sivyo hata kidogo. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka kampuni ipeleke kwa Msajili taarifa ya kila mwaka, ndani ya siku 28 tangu tarehe ya kutimiza mwaka wa kuandikishwa kwake. Ikibadili wakurugenzi au anwani, shurti itoe taarifa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inadai ritani ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Na kadiri kampuni inavyokua ndivyo wajibu unavyozidi: ikiajiri watu, kuna kodi ya mishahara na michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi.

Anayechelewa hutozwa faini, lakini hasara haiishii hapo. Kampuni ikinyamaza, Msajili aweza kuiandikia barua kuuliza kama ingali inafanya kazi. Asipojibiwa, hutangaza katika Gazeti la Serikali, kisha huifuta daftarini. Barua hiyo haitawafikia wenyewe ikiwa anwani ilikwisha badilika. Watagundua siku ya kuomba mkopo: mashua ipo, samaki wapo, kampuni haipo.

Kuweka maandishi si jambo geni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeagiza deni liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Basi kila kampuni imteue mtu mmoja wa kutunza daftari na tarehe, na wanahisa wamwulize hadharani katika kila mkutano.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, tunasema hivi: tangu 2018 BRELA imekuwa ikipokea maombi kwa mtandao, lakini mtandao haumsaidii mvuvi asiyeelekezwa. Maafisa wa biashara wasimngoje Kilindoni aje kutozwa faini. Wapande mashua, wamfuate Bwejuu, wamfundishe mapema. Kudai sheria ifuatwe bila kuieleza si uongozi.