Zipu ya Godoro: Ukaguzi wa Kinga ya Maambukizi katika Nyumba za Wazee

Nyumba ya kutunzia wazee ni makazi kabla ya kuwa mahali pa tiba, na tofauti hiyo ndiyo inayoifanya kazi ya kuzuia magonjwa humo kuwa ngumu kuliko wodini. Wakazi wake, ambao wengi wana umri mkubwa, ngozi nyepesi na kinga ya mwili iliyopungua, hula pamoja, huketi sebule moja na huoshwa, huvishwa na kulishwa na mikono ileile inayotoka chumba hiki na kuingia kile. Norovirusi, kirusi kinachosababisha kutapika na kuhara na ambacho kijana mwenye afya hukimaliza kwa siku mbili au tatu, kinaweza kuzunguka nyumba nzima na kumfikisha mzee dhaifu kwenye upungufu wa maji unaohatarisha maisha yake. Hata hivyo mzee huyo hawezi kufungiwa chumbani kila mwezi kwa jina la usalama, kwa kuwa hapo ndipo kwake.

Taratibu zinazokusudiwa kuvunja safari ya vimelea kutoka mtu hadi mtu, zikiwemo unawaji wa mikono, usafi wa vifaa, ufuaji wa nguo na utupaji wa taka, huitwa kwa pamoja kinga na udhibiti wa maambukizi. Ukaguzi wake ni kulinganisha kinachotendeka na kiwango kilichowekwa, kulipima pengo lililopo, kulirekebisha, kisha kurudi kupima tena. Na hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, ingawa bila hiyo zile za mwanzo hubaki maandishi tu. Nchini Uingereza, hususan England, wajibu huu unatokana na Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya mwaka 2008, ambayo mwongozo wake wa utendaji una vigezo 10, na nyumba za wazee husimamiwa na Tume ya Ubora wa Huduma, iliyoanza kazi mwaka 2009. Tume hutuma wakaguzi wake, lakini ukaguzi unaozungumziwa hapa ni ule ambao nyumba hujifanyia yenyewe, ukiongozwa na mtumishi aliyekabidhiwa dhamana ya kinga ya maambukizi, ambaye mwongozo unatarajia pia atoe taarifa ya kila mwaka kuhusu milipuko iliyotokea na hatua zilizochukuliwa.

Thamani ya ukaguzi wa aina hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye godoro. Godoro la nyumba ya wazee huwa na sponji ndani na kifuniko kisichopitisha maji nje, na kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe iliyonyooshwa kinaweza kuandikiwa “safi” na mtu aliyesimama mlangoni. Mkaguzi anayeijua kazi yake huondoa shuka, huvuta zipu hadi mwisho, hugeuza kifuniko ili aone upande wa ndani, kisha hutazama kama sponji ina doa au harufu, kwa kuwa tundu dogo lililotobolewa na ukucha au na sabuni kali linatosha kupitisha mkojo na damu kwa miezi mingi bila mtu kujua. Akiwa bado na shaka, hutandaza karatasi ya kufutia chini ya kifuniko, hubonyeza juu yake kwa ngumi hadi kijitokeze kibonde, humimina maji kidogo humo, huyasukasuka kwa ngumi ileile, na baada ya dakika chache huyakausha na kuitazama karatasi. Ikiwa imelowa, godoro hilo halifai tena kulaliwa na mtu yeyote. Kipimo hiki hakihitaji maabara wala fedha nyingi, kinahitaji mtu aliye tayari kuinama.

Mikono nayo haikaguliki kwa kutazama chupa za kitakasa zilizopangwa ukutani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilitaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kukaribia majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kitakasa chenye alkoholi husuguliwa kwa sekunde 20 hadi 30, na unawaji wa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Lakini palipo na kuhara ni sabuni na maji ndiyo yanayotakiwa, kwa sababu alkoholi haiui mbegu za bakteria aitwaye Clostridioides difficile, na dhidi ya norovirusi haitegemeki. Mkaguzi anapaswa kukumbuka pia kwamba mtu anayejua anatazamwa hunawa zaidi kuliko kawaida yake, hivyo takwimu ya asubuhi moja yenye mtu aliyesimama na kalamu haisemi yote, na glovu, ambazo mhudumu huzivaa akaenda nazo kutoka kitanda hadi kitanda akidhani amejikinga, hudanganya jicho zaidi ya mkono mtupu.

Usafi wa nyuso za vitu hupimwa kwa njia inayovutia: jeli isiyoonekana hupakwa kwa siri kwenye kishikio cha choo, ukingo wa kitanda au kitufe cha kumwita mhudumu, na siku inayofuata humulikwa kwa taa ya urujuanimno; ikiwa bado inang’aa, hapakufutwa. Ufuaji una kiwango chake, nyuzijoto 65 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 10 au 71 kwa dakika zisizopungua 3, na kopo la sindano hufungwa linapojaa robo tatu.

Matokeo yote haya hujumlishwa kwa asilimia, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika sana. Nyumba yenye majibu ya “ndiyo” 46 kati ya maswali 50 hupata asilimia 92, alama inayopendeza ukutani, lakini majibu manne yaliyobaki yanaweza yote kuwa yanahusu kiti cha choo kinachotumiwa na wakazi sita bila kusafishwa upande wa chini. Swali la bango lililochanika na swali la kiti hicho huhesabiwa sawa, ilhali kwa mkazi hayalingani hata kidogo.

Kuna mambo ambayo orodha ya ukaguzi haiyafikii. Mwezi Machi 2020, wagonjwa wa England walihamishwa kutoka hospitali kwenda nyumba za wazee bila kupimwa UVIKO-19, na mwezi Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera hiyo haikuwa halali, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya watu wenye virusi wasio na dalili. Hakuna unawaji wa mikono ambao ungetosha kuziba mlango uliofunguliwa namna hiyo. Vilevile mhudumu aliyeharisha hutakiwa kukaa nyumbani hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe, lakini asiyelipwa siku za ugonjwa huvutwa na kodi ya pango arudi mapema. Visa ya Uingereza ya wafanyakazi wa afya na matunzo ilipofunguliwa kwa wahudumu wa kawaida mwezi Februari 2022, watu wengi kutoka nje, Waafrika Mashariki wakiwamo, waliingia katika kazi hii, na yule ambaye kibali chake cha kuishi kinamtegemea mwajiri ana sababu ya kusita kusema kwamba aproni zimekwisha. Ukaguzi unaotafuta mkosaji utamnyamazisha kabisa, na takwimu zake zitapendeza kadiri ukweli unavyofichwa. Ule unaouliza ni kipi kilichomzuia kunawa huweza kugundua kwamba sinki liko mbali na kitanda.

Swali jingine linalostahili nafasi katika fomu hizo linahusu mikono ya wazee wenyewe. Mkazi wa kiti cha magurudumu asiyelifikia bomba, ambaye dakika chache zilizopita alijisukuma kwa kushika magurudumu yaliyotoka chooni, hukaa mezani na kuushika mkate kwa vidole hivyo hivyo, na mkaguzi aliyefika saa ya chakula ana nafasi ya kuona kama kuna aliyempelekea kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kabla sahani haijawekwa mbele yake.