Je, Wajua Jeni Inaweza Kutuliza Kifafa Kilichoshinda Dawa?

Kwa mwenye kifafa wa Karagwe au Kyerwa, hatari kubwa ni moto wa mafiga na maji. Mara nyingi kifafa humshika mtu dakika chache tu, lakini kovu la moto hubaki naye maisha yote. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Wengine wana kifafa sugu: wameshatumia dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo sahihi, na bado wanaanguka. Baadhi yao husaidiwa kwa upasuaji, ila sehemu mbovu ya ubongo ikiwa ndiyo inayoongoza usemi au mkono, daktari hathubutu kuikata.

Kifafa hutokea seli za ubongo zinaporusha umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Mwaka 2022 watafiti wa University College London, akiwemo Dimitri Kullmann, walieleza walivyotumia jeni ya KCNA1, inayoiwezesha seli kutengeneza vifereji vya potasiamu. Potasiamu ikitoka, seli hupoa. Jeni hiyo waliipakia ndani ya kirusi kisichoweza kuzaliana, wakaiwekea swichi inayowashwa na seli iliyochachamaa pekee. Seli ikitulia, swichi hujizima. Kwa panya wenye kifafa, mishtuko ilipungua kwa takriban asilimia 80. Hapo ndipo penye uzuri wa kazi hii: kidonge husambaa ubongo mzima, ndiyo maana baadhi ya watoto husinzia darasani, lakini jeni hii huchagua seli zenye fujo.

Mwaka 2024 kampuni ya uniQure ilianza kumjaribishia binadamu tiba nyingine ya jeni, inayodungwa mara moja ndani ya ubongo. Majaribio hayo bado ni ya hatua za mwanzo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba tiba ya KCNA1 hairekebishi jeni ya kurithi. Inatuliza seli, chanzo kiwe chochote. Na vyanzo vyetu ni vingi: malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika ubongoni. Kule Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alihudumia wenye kifafa tangu miaka ya 1960, ugonjwa huo umehusishwa na usubi. Kwa hiyo watu wetu nao wanastahili kuhesabiwa tiba hizi zitakapokomaa.

Kwa sasa, phenobarbital, inayotibu kifafa tangu 1912, ipo na ni ya bei nafuu. Ukimwona jirani ameanguka, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Mate yake hayaambukizi kifafa, basi usiogope kumshika. Akizinduka, mpelekeni hospitali, na akishaanza dawa asiiache bila ushauri wa daktari.