Kile kisanduku kwenye friji ya chanjo kinaandika nini?

Ukimpeleka mtoto chanjo huenda umeona kisanduku kidogo chenye taa kimebandikwa kwenye friji. Kuna wanaosema kinanasa maneno yetu au kinapeleka majina yetu ng'ambo. Sivyo.

Chanjo za watoto kituoni hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Muuguzi husoma kipimajoto asubuhi na jioni, akaandika kwenye karatasi ya friji. Lakini saa nane za usiku nani yupo? Hapo ndipo kisanduku kinapofanya kazi. Kila baada ya dakika chache kinaandika joto na saa, kisha kwa mtandao wa simu kinatuma nakala kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali na kambi inayotunza kumbukumbu hizo. Mtandao ukikatika, kinaziweka na kuzituma ukirudi.

Kwa nini zipelekwe mbali? Kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa tu hupotea pamoja nacho kikiungua, kikilowa au kikiibwa. Karatasi nayo (waliofanya kazi vituoni wanajua) inaweza kujazwa siku tatu kwa mpigo, kwa kukisia.

Wengi wetu tunaogopa joto tu. Lakini chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, huharibika ikiganda. Ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye chupa huonesha athari ya joto, haioneshi kuganda. Bila kumbukumbu za usiku, mtoto anaweza kuchomwa sindano isiyo na nguvu na mama akarudi nyumbani ameridhika.

Kawaida kengele hulia joto likipita nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka chini ya nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Anayehusika hupata ujumbe kwenye simu. Ujumbe usiposomwa, kisanduku ni pambo tu, kwa hiyo usione haya kumwuliza muuguzi joto la friji leo ni ngapi.

Kinachotumwa ni namba ya kifaa, joto, tarehe na saa, pengine na taarifa kwamba umeme ulikatika au mlango uliachwa wazi. Jina la mtoto wako liko kwenye kadi yake na daftari la kliniki, si humo.

Tafadhali tusichomoe waya wake ili kuchaji simu. Na ukiambiwa chanjo zimewekwa kando kwa sababu ya joto au baridi, usiondoke hivi hivi: hakikisha tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi. Ukiitwa mtoto arudie dozi, mlete na kadi yake.