Vichezeo vya Simbilisi: Meno, Mgongo na Mahali pa Kujificha

Simbilisi anayefugwa katika kizimba kikavu, mwenye maji safi na bakuli lililojaa pumba, aweza kufa kwa njaa. Jambo hili huwashangaza wafugaji wengi, hasa wanafunzi ambao wamempenda mnyama wao na kumlisha kila siku bila kukosa. Asubuhi moja humkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kidevu kimelowa mate, na chakula kimebaki kama kilivyowekwa. Mganga wa mifugo akimfungua kinywa, sababu huonekana. Magego ya taya la chini yamerefuka na kuinamia ndani, hata yakakaribia kukutana juu ya ulimi mfano wa tao la daraja. Ulimi umenaswa chini yake. Mnyama ataka kula, lakini hawezi kukisogeza chakula kooni.

Yawezekana msomaji akauliza maradhi haya yanahusiana nini na vitu vya kuchezea. Uhusiano upo, nao ni wa karibu. Simbilisi ana meno 20, na yote, ya mbele na ya nyuma, hukua maisha yake yote. Hakuna kinachoyazuia yasirefuke ila kusagana kwake yanapotafuna. Nyasi ni ngumu, zina chembechembe zinazokwaruza jino, na kuzitafuna huchukua muda mrefu; simbilisi mwenye nyasi za kutosha hutafuna kwa saa nyingi mchana na usiku. Pumba, kinyume chake, humalizika kwa dakika chache. Kwa hiyo mnyama aliyefungiwa na bakuli la pumba hupungukiwa na mambo mawili kwa pamoja: kazi ya meno, na shughuli ya kumpitishia siku. Kichezeo chema ni kile kinachomrudishia yote mawili.

Ili kujua kichezeo kipi kinafaa, yapasa kwanza kumjua mnyama mwenyewe. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi ambazo leo zaitwa Peru, Bolivia na Ekwado, ambako wenyeji walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16, na mwaka 1758 Linnaeus akamwingiza katika orodha yake ya viumbe. Leo jina lake la kisayansi ni Cavia porcellus. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati hufugwa hasa nyanda za juu: Iringa na Njombe nchini Tanzania, na sehemu za Kivu huko Kongo. Aghalabu huwa mali ya watoto, na watoto wengi wa huko walianza ufugaji kwa simbilisi kabla ya kukabidhiwa mbuzi.

Katika maabara jina lake limevuma zaidi. Robert Koch alimtumia alipochunguza vijidudu vya kifua kikuu, uchunguzi alioutangaza mwaka 1882. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walionyesha kwamba simbilisi aliyelishwa nafaka peke yake hupatwa na kiseyeye, kama mabaharia wa zamani. Sababu yake, iliyofahamika baadaye, ni kwamba mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C.

Ndugu zake wa porini huishi kwa makundi madogo nyikani. Hawachimbi sana mashimo yao wenyewe, wala si wapandaji. Ulinzi wao ni majani marefu na njia nyembamba wanazozipitia mara kwa mara chini ya majani hayo. Macho yao yamekaa ubavuni mwa kichwa, hivyo huona upande mkubwa wa mazingira, na pia juu anakotokea mwewe. Kitu kikitikisika, simbilisi hufanya moja ya mambo mawili: hutulia kama jiwe, au hukimbilia mahali penye paa. Asipokuwa na paa la kukimbilia hubaki katika hofu, na mnyama mwenye hofu hali vizuri.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la vichezeo vinavyouzwa. Katika maduka ya Ulaya na Marekani gurudumu la kukimbilia, lililobuniwa kwa ajili ya panya na jamaa zake wadogo, limekuwa likiuzwa hata kwa wenye simbilisi. Umbile la wanyama hawa halifanani. Panya ana mwili mwepesi, mkia wa kumsawazisha na uti wa mgongo unaopinda kwa urahisi. Simbilisi mzima ana uzito wa gramu 700 hadi 1,200, hana mkia, miguu yake ni mifupi na mgongo wake ni mgumu. Ndani ya gurudumu mgongo hulazimika kukunjika kwa nyuma na kichwa kuinuliwa, huku vidole vikiweza kunasa katika vyuma. Mpira wa plastiki ambao mnyama hufungiwa ndani ni mbaya vilevile, kwa kuwa humnyima hewa ya kutosha na mahali pa kukimbilia. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba simbilisi wa jikoni kijijini, anayekimbia huku na huko chini ya kitanda na nyuma ya kuni, ana mazoezi bora kuliko mwenzake wa ghali aliyepewa gurudumu. Moshi wa jiko, hata hivyo, humdhuru mapafu.

Kichezeo cha kwanza, basi, ni nyumba. Boksi la katoni lenye urefu wa sentimita 30 hivi, upana 20 na kimo 15 latosha simbilisi mmoja au wawili. Hugeuzwa kifudifudi, na milango hukatwa kwa kisu yenye upana wa sentimita 12. Milango iwe miwili, katika pande zinazotazamana. Nyumba ya mlango mmoja ni mtego kwa mnyonge: mwenye nguvu husimama mlangoni, na aliye ndani hana pa kutokea. Kabla ya kuliweka boksi, pini zote za chuma hung'olewa, na utepe wa gundi hubanduliwa, maana simbilisi atalitafuna. Kutafunwa huko si hasara, bali ni sehemu ya mchezo. Maboksi matatu yaliyofunguliwa ncha zote mbili na kupangwa mstari mmoja huwa njia ndefu yenye giza, nayo hupendwa kuliko nyumba nzuri ya mbao. Chungu kilichovunjika ubavu nacho chafaa, mradi kingo zake zisuguliwe kwa jiwe mpaka ziwe laini.

Kichezeo cha pili, ambacho ndicho muhimu kupita vyote, ni kile kinachomfanya mnyama autafute mlo wake. Huchukuliwa kijiboksi kidogo, hutobolewa matundu ya sentimita mbili pande zote, kisha hushindiliwa nyasi kavu zilizo safi. Simbilisi hulazimika kuvuta unyasi mmoja mmoja. Bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi za chooni zinapokwisha laweza kutumika vivyo hivyo, lakini kwa tahadhari moja: lipasuliwe kwa urefu kabla ya kujazwa. Bomba lisilopasuliwa huingia kichwani na kukwama shingoni kama kola. Kwa sababu hiyo hiyo nyavu na mipira ya waya ya kuning'iniza nyasi haifai, kwa kuwa huweza kunasa kichwa au mguu. Pale penye mianzi, kipande cha mwanzi kilichopasuliwa katikati huwa hori zuri lisilopinduka, ila kingo zake zikali hazina budi kuparwa.

Katika rundo la nyasi yafaa kuficha vipande vya pilipili hoho. Tunda hili lina vitamini C nyingi, na simbilisi huipata huku akipekua kama wafanyavyo ndugu zake wa porini. Vitamini C hupungua chakula kinapokaa ghalani, hivyo asitegemee pumba za gunia. Masalio mabichi huondolewa jioni yasije yakaoza.

Vijiti vya kuguguna vimezoeleka mno, na hapa yapasa kusahihisha dhana moja. Wafugaji wengi huamini kwamba kijiti huyatunza meno yote. Kijiti huguguniwa kwa meno ya mbele. Magego, yale yanayoweza kuufunga ulimi, hayaguswi na kijiti hata kidogo. Husagwa kwa nyasi tu. Kijiti ni burudani njema, si badala ya nyasi. Vijiti vya mpera, vya mforosadi na vya mtofaa ambao haukunyunyiziwa dawa vyaweza kutolewa bila wasiwasi, baada ya kuoshwa na kukaushwa.

Uangalifu mkubwa wahitajika katika kuchagua mti. Njombe na Rungwe zimejaa miparachichi, na hakuna jambo rahisi kwa mwanafunzi kuliko kuvunja tawi lililo karibu. Lakini majani na magome ya mparachichi yana sumu inayodhuru moyo wa wanyama wengi wadogo, simbilisi akiwamo. Mnyaa wa uzio, wenye utomvu mweupe, na mbarika navyo visikaribishwe kizimbani. Hali kadhalika mbao zilizopakwa rangi, mbao zilizobandikwa kwa gundi, kamba za nailoni, na magunzi yaliyoota kuvu. Kanuni nyepesi ni kwamba lolote linalowekwa ndani litatafunwa, na lisilofaa kumezwa lisiwekwe.

Mwalimu wa biolojia aweza kuvigeuza vichezeo hivi kuwa somo la utafiti lisilogharimu fedha. Tuseme shule ina vizimba viwili, kila kimoja na simbilisi watatu wanaotambulikana kwa mabaka yao. Kizimba cha kwanza hupewa boksi la nyasi kwa siku tano, na cha pili hupewa nyasi zile zile, kwa kipimo kile kile, zikiwa zimewekwa sakafuni. Siku tano zinazofuata hubadilishana. Kila siku, saa ile ile, mwanafunzi hukaa kimya mbali kidogo, na kila dakika ikigonga, kwa muda wa dakika 30, huandika kila mnyama anafanya nini: anakula, anatembea, amejificha, ametulia nje, au anaguguna nondo za kizimba. Kuguguna nondo mara kwa mara mara nyingi ni dalili ya uchovu wa kukosa shughuli, na idadi yake ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza.

Matokeo yasisomwe kwa haraka. Siku ya kwanza kitu kipya huweza kumtisha simbilisi, ajifiche kutwa. Mwanafunzi asiye na subira ataandika kwamba kichezeo ni kibaya. Siku ya pili udadisi hushinda hofu, na kichezeo huonekana cha ajabu kuliko kilivyo. Hesabu za siku ya nne na ya tano ndizo zenye kuaminika zaidi. Tena kujificha si hofu siku zote, kwa maana mnyama aliyeshiba hupumzika palipo na kivuli. Hofu hutambulika kwa kutulia ghafla macho yakiwa wazi mno. Furaha nayo ina dalili zake, hasa kwa wachanga, ambao huruka juu ghafla na kujipindua hewani kama bisi zinazokaangwa. Sambamba na hesabu hizo, kila mnyama apimwe uzito mara moja kwa juma. Anayepungua juma hadi juma achunguzwe meno mapema, na aliyeacha kula hata siku moja apelekwe kwa mganga bila kungoja.

Hakuna kichezeo kinachoshika nafasi ya mwenzi. Uswisi iliweka katika kanuni zake za ulinzi wa wanyama, zilizoanza kutumika mwaka 2008, kwamba simbilisi asifugwe peke yake, na kwamba apewe nyasi, kitu cha kuguguna na mahali pa kujificha. Kwa shule zetu majike wawili watosha kuanza. Dume akichanganywa nao, mimba huchukua takriban siku 59 hadi 72, na watoto huzaliwa macho wazi, wana manyoya na meno, tayari kuonja nyasi katika siku zao za kwanza. Kizimba kiwekwe kivulini, kwani joto linalozidi nyuzi 30 laweza kumwua simbilisi aliye ndani ya boksi lisilopitisha hewa.

Nyumba ya katoni hudumu juma moja, pengine mawili. Ikilowa mkojo huanza kunuka na kuota kuvu, na hapo hutupwa pamoja na mavi na nyasi zilizokanyagwa katika shimo la mboji la bustani ya shule. Boksi jipya huletwa siku hiyo hiyo, na milango yake huelekezwa upande ule ule wa zamani, maana simbilisi huikariri njia yake na huikimbilia bila kutazama.