Saa ya Tarakimu za Taa na Wakati wa Sumbawanga



Saa ya msikitini yenye tarakimu nyekundu zinazong'aa inaweza kutengenezwa kwa mkono. Kila tarakimu ina vijiti 7 vilivyopangwa kwa umbo la 8. Vikiwaka vyote tunasoma 8. Vikiwaka viwili vya kulia tunasoma 1. Kila kijiti kina taa ndogo 4 za LED zilizoungwa mfululizo kwa lehemu, pamoja na rezista inayopunguza umeme wa betri ya volti 12. Bila rezista, taa huungua. Anayehesabu ni fuwele ndogo ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde; chipu huigawa hesabu hiyo kwa 2 mara 15, likabaki pigo 1 kila sekunde.

Lakini saa haijui iko mji gani. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4, na Sumbawanga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 7 na nusu hivi. Kwa hiyo jua la kwetu huchelewa kutua kwa takriban nusu saa. Atakayeweka ndani yake ratiba ya Dar es Salaam atawafuturisha watu jua likiwa bado juu. Basi tuhakikishe kwanza nyakati za hapa Ufipa, ndipo tuwashe taa.