Gari Lililorudi Nyuma Peke Yake

Alasiri moja, tukiwa tumetoka kwenye msala, tulisikia kishindo uani. Gari letu, tuliloliegesha kwenye mteremko mdogo mbele ya nyumba, lilikuwa limerudi nyuma taratibu mpaka likagota ukuta, pale pale watoto wa madrasa wanapovulia viatu vyao. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Alhamdulillahi, watoto walikuwa hawajafika.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumelipeleka gereji kwa ajili ya breki hiyo hiyo. Fundi aliukaza waya wa breki ya mkono, akapokea shilingi 1,500, akatuaga. Sisi ni dada wawili na mama yetu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona ndani ya gurudumu la nyuma. Tukaamini.

Safari hii tulimwita ami, aliyeumaliza ujana wake akitengeneza malori. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Wanangu, waya haushiki gari. Waya huvuta tu. Kinachoshika ni viatu vilivyomo ndani ya dramu."

Gari letu ni Toyota Probox. Mbele lina breki za diski, nyuma lina breki za dramu, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vya mviringo vinavyotanuka na kulisugua. Gari likiwa mwendoni, breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo za nyuma zaweza kuchakaa dereva asihisi lolote. Lakini breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake.

Ami alikubali kutusimamia, kwa sharti kwamba mikono iwe yetu. Tulilipeleka gari mahali tambarare penye sakafu ngumu, tukayatia magurudumu ya mbele kabari za mbao mbele na nyuma, kisha tukailegeza breki ya mkono, kwani ikiwa imevutwa dramu haitoki. Tulilegeza nati kabla ya kuinua. Baada ya jeki tuliweka stendi mbili za chuma, na hapo ami hakuwa na mzaha hata kidogo: gari lililobebwa na jeki peke yake asilisogelee mtu.

Dramu ilikataa kutoka. Hewa yetu ya chumvi huzaa kutu haraka, na kutu hiyo huiganda dramu kwenye kitovu cha gurudumu. Wenye gereji wengi huipiga nyundo. Ami alituonyesha matundu mawili madogo usoni mwa dramu, tukatia boliti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka ikajisukuma yenyewe.

Ndani mlikuwa na vumbi jeusi. Hatukulipuliza. Viatu vya zamani, na hata baadhi vya bei rahisi, huenda vikawa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Tulivaa barakoa, tukalilowesha vumbi na kulipangusa kwa matambara tuliyoyatupa mbali na watoto.

Viatu vya kulia vilikuwa vimeliwa. Tabaka linalosugua halikufika unene wa milimita 1. Tukafungua kushoto, na hapo ndipo ami aliponyamaza. Viatu vilikuwa vimelowa. Silinda ndogo inayovisukuma ilikuwa ikivuja mafuta ya breki, na kiatu kilichonywa mafuta hakishiki tena hata kikioshwa. Waya ungekazwa mara mia, gari lingerudi nyuma tu.

Kwa hiyo viatu vipya tulinunua vya pande zote mbili. Upande wa kulia tulivifunga wenyewe, kwa muda wa saa tatu, tukitazama picha tulizopiga kwa simu kabla ya kufungua, maana springi zile zina kwao na hazisameheani. Upande wa kushoto hatukuugusa. Kubadilisha silinda huingiza hewa kwenye mabomba ya mafuta, na hewa hiyo isipotolewa yote, kanyagio huzama mguuni. Gari halikutoka uani mpaka fundi mwingine alipokuja, akaifanya kazi hiyo mbele ya macho yetu.

Mwisho ilibidi waya ule uliokazwa ulegezwe kwanza, ndipo viatu virekebishwe kwa gurudumu dogo lenye meno, kisha waya ukazwe upya. Sasa breki ya mkono hushika ikifika mlio wa saba. Tuliijaribu kichochoroni kwa mwendo wa polepole, halafu kwenye mteremko wetu, hakuna mtu nyuma, na gari halikutikisika. Wiki iliyofuata tulishuka nalo Likoni kupanda feri.

Mama hakusema neno. Ila kila akiegesha, bado huokota jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu.